Freud Kabla ya Ndoto: Daktari wa Watoto Waliopooza

Wanafunzi wa fasihi katika vyuo vyetu vikuu hulitaja jina la Sigmund Freud kila wanapotaka kueleza kwa nini mhusika fulani wa riwaya anamchukia baba yake au anaandamwa na ndoto za kutisha. Walimu wao hulitaja pia, na sisi tuandikao magazetini hatujabaki nyuma. Ukimwuliza yeyote kati yetu Freud alikuwa nani, atakujibu kwamba ni yule mzee mwenye ndevu nyeupe na sigara nene, aliyewalaza wagonjwa wake kitandani akawasikiliza wakijisimulia. Jibu hilo ni la kweli, ila limeacha nje takriban miaka kumi ya maisha ya mtu huyo. Katika miaka hiyo alikuwa akiwapima watoto wa maskini ambao mikono na miguu yao ilikuwa imekakamaa tangu utotoni, na mara nyingine alikuwa akiyachunguza macho yao. Ni miaka hiyo ninayotaka kuizungumzia, msomaji, kwa kuwa naamini inatuhusu sisi zaidi kuliko nadharia nyingi alizozitunga baadaye.

Freud alizaliwa tarehe 6 Mei 1856 katika mji mdogo wa Freiberg, Moravia, ambao leo unaitwa Příbor na umo katika Jamhuri ya Czech. Baba yake, Jakob, alikuwa Myahudi mfanyabiashara wa sufu, na biashara hiyo haikumtajirisha. Mnamo 1860 familia ilikuwa imekwisha kuhamia Vienna, na huko ndiko mtoto alikokulia, akasoma, akaoa na kufanya kazi hadi alipolazimika kuwakimbia Wanazi akiwa na umri wa miaka 82. Aliingia Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1873 kusomea udaktari, lakini hakuwa na haraka ya kuwa daktari. Kilichomvutia ni maabara ya Profesa Ernst Brücke, alimokaa kuanzia 1876 hadi 1882 akichungulia kwa hadubini chembe za neva za samaki na za kamba wa maji baridi. Shahada yake aliipata mwaka 1881, akiwa amechelewa kuliko wengi wa rika lake.

Huenda angezeekea katika maabara hiyo kama si mapenzi na ukata. Mwaka 1882 alimchumbia Martha Bernays, na kazi ya maabara haikuwa ya kulisha mke wala watoto. Brücke mwenyewe alimshauri atafute riziki kwingine. Freud akaingia Hospitali Kuu ya Vienna, akapita kutoka idara moja hadi nyingine, akijifunza hasa maumbile ya ubongo chini ya Theodor Meynert, bingwa wa wakati ule. Akajulikana kuwa kijana ambaye, akimchunguza mgonjwa aliyepooza, aliweza kukisia kwa usahihi mkubwa ni mahali gani pa ubongo palipoumia.

Katika kipindi hichohicho kulitokea kisa kinachohusu macho, ambacho sipendi kukiruka. Mwaka 1884 Freud aliandika makala ya kuisifu kokeini, dawa ambayo madhara yake hayakuwa yanafahamika vizuri wakati huo, na sifa hizo zilimletea lawama baadaye. Mwenzake katika hospitali, Carl Koller, aliyekuwa na hamu ya udaktari wa macho, alitambua kwamba tone la kokeini likitiwa jichoni hulifisha ganzi. Ugunduzi huo ulitangazwa katika mkutano wa madaktari wa macho mjini Heidelberg mwezi Septemba 1884, na tangu hapo upasuaji wa jicho ukawa jambo ambalo mtu anaweza kulistahimili akiwa macho. Mwaka 1885 mzee Jakob Freud aliugua presha ya macho akapasuliwa. Leopold Königstein ndiye aliyeshika kisu, Koller akatia dawa ya ganzi, naye mwana wa mgonjwa akasaidia. Umaarufu wa ugunduzi ulimwendea Koller, na ninavyoona mimi ulimwendea kwa haki, maana Freud alikuwa ameupita mlango uliokuwa wazi.

Kutoka Oktoba 1885 hadi Februari 1886 Freud alikuwa Paris katika hospitali ya Salpêtrière, akimsikiliza Jean-Martin Charcot. Waandishi wa maisha yake hukaa sana hapo, kwani ndipo alipoanza kuvutiwa na maradhi ya nafsi. Wengi hawajali kwamba akirudi nyumbani alipitia Berlin, akakaa majuma machache katika kliniki ya watoto ya Adolf Baginsky. Hakwenda kule kutalii. Alikuwa amekubaliana na Max Kassowitz, daktari wa watoto mjini Vienna, kwamba akirudi ataongoza kitengo cha maradhi ya neva katika taasisi ya umma ya watoto wagonjwa aliyoisimamia Kassowitz. Alirejea, akafungua chumba chake binafsi cha tiba Jumapili ya Pasaka, tarehe 25 Aprili 1886, akaoa mwezi Septemba mwaka huohuo, na akaanza kwenda kwa Kassowitz mara tatu kwa juma. Aliendelea hivyo kwa takriban miaka kumi.

Taasisi ile haikuwa mahali pa fahari. Ilitibu watoto wa watu wasiokuwa na uwezo, waliokuja asubuhi mikononi mwa mama zao na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Hakukuwa na vitanda vya kuwalaza na kuwafuatilia, na mtoto akifa daktari hakupata mara nyingi nafasi ya kuufungua ubongo wake na kuhakikisha alichokikisia. Kwa mtu aliyelelewa katika maabara hilo lilikuwa pigo. Lakini pia lilimlazimisha kutumia alichokuwa nacho, yaani macho yake, mikono yake, na maelezo ya mama.

Ugonjwa uliomshughulisha zaidi ni ule tunaouita mtindio wa ubongo. Ubongo wa mtoto huumia au hukua kwa kasoro kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo, na baadaye misuli ya mwili haimtii mwenyewe. Wengine hukakamaa upande mmoja, wengine miguu yote miwili, wengine mwili mzima, na wengine hutikisika bila kukusudia. Kabla ya Freud, jina lililohusishwa na hali hiyo lilikuwa la William John Little, daktari wa London ambaye mwaka 1861 aliwaeleza wenzake kwamba kukakamaa kwa viungo kwa watoto hao kulitokana na shida za uzazi: kuzaliwa kabla ya wakati, uchungu wa muda mrefu, mtoto kukosa hewa. Maelezo hayo yalikuwa rahisi kushika, na yakashikwa.

Mwaka 1888, miaka miwili tu baada ya kuanza kazi kwa Kassowitz, Freud alichapisha makala fupi katika jarida la kitabibu la Vienna. Iliwahusu watoto wawili, mmoja wa miaka miwili na miezi kidogo, mwingine wa miaka mitatu na miezi kidogo, ambao hawakuwa wakiona nusu moja ya ulimwengu uliokuwa mbele yao. Hali hiyo madaktari huiita hemianopia. Kwa watu wazima ilikuwa inajulikana, lakini kwa kadiri alivyofahamu Freud haikuwa imewahi kuripotiwa katika umri mdogo kiasi hicho. Alizungumzia pia jinsi kichwa na macho ya watoto kama hao yanavyogeukia upande mmoja, na sehemu ya ubongo inayoweza kuwa imeumia.

Hapa inafaa nieleze kidogo, maana jambo lenyewe linawakanganya hata watu waliosoma. Wengi hudhani kwamba jicho la kulia huona vilivyo kulia na la kushoto huona vilivyo kushoto. Sivyo. Kila jicho huona pande zote mbili, na habari zake hugawanywa zikiwa njiani kuelekea nyuma ya ubongo. Vyote vilivyo kushoto kwetu, viwe vimeonwa na jicho lipi, hupelekwa katika nusu ya kulia ya ubongo, na vilivyo kulia hupelekwa katika nusu ya kushoto. Mkono na mguu hutawaliwa kwa utaratibu huohuo wa kupishana. Kwa hivyo mtoto aliyeumia ubongo upande wa kulia anaweza kupooza mkono wa kushoto na papo hapo akapoteza ulimwengu wote wa kushoto, ingawa macho yake ni mazima kabisa. Ukiyamulika kwa kile chombo alichokibuni Helmholtz mwaka 1851 cha kutazamia ndani ya jicho, huenda usione dosari yoyote.

Kumgundua mtu mzima mwenye hali hiyo si kazi kubwa. Unamketisha mbele yako, unamwambia akutazame puani, kisha unaleta kidole polepole kutoka pembeni na kumwuliza amekiona wakati gani. Lakini mtoto wa miaka miwili hatakutazama puani kwa kuwa umemwomba. Mtoto aliyepooza hawezi kukuonyesha kwa kidole, na pengine hawezi kutamka neno. Jibu unalolitaka limo mwilini mwake na ni lazima ulisubiri: ukisogeza kitu kinachong'aa kutoka kulia, macho yanakirukia, na ukikileta kutoka kushoto hayashtuki mpaka kivuke katikati ya uso. Anapokula huacha chakula cha upande mmoja wa sahani. Anapotembea hugonga mlango kwa bega lilelile kila siku. Daktari mwenye pupa hayaoni hayo hata kidogo. Naiheshimu makala ile ya 1888 kwa sababu imeandikwa na mtu ambaye, mbele ya mtoto aliyekuja kwa ajili ya mkono na mguu, alikumbuka kuuliza habari za macho.

Baada ya hapo zikaja kazi kubwa zaidi. Mwaka 1891, pamoja na rafiki yake Oskar Rie, daktari wa watoto, Freud alichapisha uchunguzi wa watoto 35 waliopooza upande mmoja. Mwaka 1893 alichapisha mwingine uliowahusu watoto 53 waliopooza pande zote mbili. Mwaka 1897 akamalizia kwa kitabu cha kurasa zaidi ya 300 kilichokusanya yote yaliyojulikana kuhusu kupooza kwa ubongo wa watoto, kikiwa sehemu ya mfululizo mkubwa wa vitabu vya tiba uliohaririwa na Nothnagel. Ni Freud aliyezikusanya hali hizo zote, tofauti kama zilivyo, chini ya jina moja, huku akikiri kwamba jina hilo linafunika mambo ambayo chanzo chake si kimoja. Aliona kwamba makengeza, kifafa na upungufu wa akili huandamana na kupooza huko mara nyingi mno kiasi cha kutosadikika kwamba ni sadfa.

Hapo ndipo alipotofautiana na Little. Freud alihoji: ikiwa watoto hawa wana matatizo mengine mengi ya ubongo, na ikiwa watoto wengi waliozaliwa kwa shida hukua bila kasoro, je, haiwezekani kwamba katika baadhi yao uzazi mgumu wenyewe ni dalili ya jambo lililoharibika mapema, mtoto akiwa bado tumboni? Wazo hilo halikupata wafuasi wengi. Kwa karibu miaka 100 madaktari waliendelea kumfuata Little, na mahakama za Marekani na Uingereza zikajaa kesi za wazazi dhidi ya wakunga na madaktari wa uzazi. Mwaka 1986 Karin Nelson na Jonas Ellenberg, watafiti wa Marekani waliotumia kumbukumbu za makumi ya maelfu ya wajawazito, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya visa haikuweza kuelezwa kwa mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Freud alikuwa amekwisha kufa miaka 47.

Lakini nawaonya wale ambao wangependa kulitumia wazo hilo kuwatakasa wahudumu wa wodi zetu za uzazi. Takwimu za Nelson na Ellenberg ni za nchi ambako mama mjamzito hufika hospitalini kwa wakati na kukuta daktari. Katika kanda yetu mambo hayako hivyo. Utafiti uliofanywa mashariki mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba watoto wapatao watatu kati ya kila 1,000 wana mtindio wa ubongo, na kwamba robo hivi waliupata baada ya mwezi wa kwanza wa maisha, malaria ya ubongo ikiwa miongoni mwa sababu kuu. Ongeza hapo umanjano wa mtoto mchanga usiotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo, na mama aliyekaa na uchungu siku mbili kwa kukosa gari. Little angejikuta nyumbani katika baadhi ya hospitali zetu za wilaya. Freud alisema katika baadhi. Hakusema katika wote, na tofauti hiyo isipuuzwe.

Mwaka huohuo wa 1891 alitoa kitabu kingine, kuhusu watu waliopoteza uwezo wa kusema baada ya ubongo kuumia. Ndani yake aliwakosoa wakubwa wake, akiwemo Meynert, waliodhani kwamba kila neno na kila picha ina kijumba chake mahali fulani pa ubongo. Ndani ya kitabu hicho pia alilibuni neno agnosia, ambalo madaktari wanalitumia hadi leo. Maana yake ni kwamba mtu anakiona kitu lakini hakitambui. Macho yanafanya kazi, picha inafika, ila ubongo haukisomi kilichofika. Mtoto anaweza kuuona uso wa shangazi yake kwa ukamilifu asijue ni shangazi mpaka amsikie akizungumza.

Ukiyaunganisha makala ya 1888 na neno la 1891, unapata mambo matatu ambayo mpimaji wa macho ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo ni lazima ayatenganishe: kama jicho lenyewe ni zima, ni sehemu gani ya ulimwengu inayofika katika ubongo, na kama kilichofika kinatambuliwa. Freud hakuyapanga hivyo mwenyewe; nimeyapanga mimi. Lakini wataalamu wa siku hizi huyafuata yote matatu, na sasa wana vifaa ambavyo yeye hakuwa navyo. Mmarekani Robert Fantz alionyesha katika miaka ya 1950 na 1960 kwamba mtoto mchanga akiwekewa picha mbili, moja yenye mistari na nyingine tupu, macho yake huelekea kwenye mistari. Davida Teller akaligeuza jambo hilo kuwa kipimo cha kadi. Mistari ikiendelea kuwa myembamba, hufika mahali mtoto hachagui tena upande wowote, na hapo ndipo uwezo wake wa kuona unapokomea. Mtoto haambiwi kusema chochote wala kuonyesha kwa kidole. Lea Hyvärinen, daktari wa macho wa Finland, akabuni kipimo cha alama nne za kitoto, ikiwemo nyumba na tufaha, kwa ajili ya wale wasiojua kusoma.

Pamoja na hayo yote, kadi bora kuliko zote hazimfai kitu mpimaji asiyejua jinsi ya kumketisha mtoto. Mtoto ambaye shingo yake haijasimama hutumia nguvu zake zote kukizuia kichwa kisianguke, na hapati nguvu ya kutazama. Mshike vizuri, au mweke juu ya paja la mama na kichwa kikiwa kimeegemezwa, na huenda ukamwona mtoto mwingine kabisa. Inafaa pia kungoja. Ubongo ulioumia huchelewa kujibu. Mpimaji anayehesabu hadi mbili na kuandika kwamba haoni atakuwa ameandika habari za papara yake mwenyewe. Apimwe asubuhi akiwa ameshiba, asipimwe mara baada ya kifafa. Na mama aulizwe, kwa sababu yeye ndiye ajuaye kama mtoto huupata mpira uliowekwa peke yake juu ya leso nyeupe lakini akaupoteza ukiwa katika kikapu kilichojaa vitu vingine. Hilo si ukaidi wala ujinga. Kuna watoto, hasa waliozaliwa kabla ya wakati, ambao hukiona kitu kimoja vizuri lakini hawawezi kukichagua kati ya vingi.

Kuna pia jambo dogo linaloniudhi kuliko mengine. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hushindwa kukaza macho kwa vitu vya karibu. Ubao wa herufi unaotundikwa ukutani mita sita kutoka kwa mtoto hauwezi kuligundua tatizo hilo. Mtoto anaufaulu mtihani wa macho, kisha anafunguliwa kitabu umbali wa mkono mmoja na hakuna anachokiona ila ukungu. Mwalimu anaandika kwamba hana uwezo wa kusoma. Miwani ya kusomea, kama ile aivaayo mzee wa miaka 50, ingetosha kumsaidia.

Namjua mama mmoja ambaye binti yake alipelekwa katika kituo fulani, nisichopenda kukitaja, kutathminiwa kabla ya kuingia shule. Tathmini ilichukua muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai. Binti aliandikiwa kwamba hana akili ya kufundishika. Alikuwa na umri wa miaka minane alipokutana na mwalimu wa elimu maalumu aliyegundua kwamba kila alichowekewa upande wa kulia alikijua kwa jina lake, na kila alichowekewa upande wa kushoto kilikuwa kama hakipo. Picha za ile tathmini zilikuwa zimepangwa kwa safu, kutoka kushoto kwenda kulia.

Nchi hii ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu tangu mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya ilianzishwa mwaka 1986. Si kwamba tunaanza kutoka patupu. Tunachokidai, tuliojaliwa kushika kalamu, ni kwamba mtoto yeyote mwenye mtindio wa ubongo asipimwe akili kabla hajapimwa macho, na kwamba kipimo hicho kifanywe na mtu aliyefundishwa kumpima mtoto asiyeweza kusema. Mafunzo hayo si ya miaka saba. Muuguzi, mtaalamu wa tiba ya viungo au mwalimu anaweza kuyapata kwa muda mfupi, na vifaa vya mwanzo ni mwanasesere, tochi ndogo, na karatasi iliyochorwa mistari. Serikali za kaunti, ambazo tangu 2013 ndizo zinazosimamia sehemu kubwa ya huduma za afya, zisitwambie kwamba hazina fedha za tochi.

Turudi kwa Freud, tusije tukamgeuza walii. Kufikia katikati ya miaka ya 1890 alikuwa amechoka. Barua alizomwandikia rafiki yake wa Berlin, Wilhelm Fliess, zinaonyesha mtu anayeiona kazi ya kuandika kitabu kile kikubwa cha watoto kuwa mzigo, na ambaye moyo wake umekwisha kuhamia kwingine. Mwaka 1895 yeye na Josef Breuer walikuwa wametoa kitabu chao kuhusu histeria. Mwezi Oktoba 1896 baba yake alifariki, na Freud anasimulia kwamba wakati wa msiba huo aliota tangazo lililoandikwa kwamba watu wafumbe macho, au wafumbe jicho moja, asiwe na hakika ni lipi. Alilisumbukia tangazo hilo kwa muda mrefu. Mimi, kila nikilisoma, humkumbuka mzee Jakob mezani, Koller akiwa na dawa yake, na mwana akiwa kando.

Kitabu cha watoto kikatoka mwaka 1897. Kile cha ndoto kikafuata mwishoni mwa 1899, kikiwa kimepigwa chapa ya mwaka 1900, na ndani yake Oskar Rie, yule mwenzake wa mwaka 1891, anatokea kwa jina la bandia akilaumiwa kwa kumdunga mgonjwa sindano bila uangalifu. Rie hakukasirika kiasi cha kuuvunja urafiki. Aliendelea kuwatibu watoto wa Freud. Watoto wa taasisi ya Kassowitz wao hawakurudiwa tena. Sina neno kali la kumwambia marehemu kuhusu hilo, kwani mtu ana haki ya kubadili njia. Hata hivyo, nikilinganisha nadharia zake za baadaye, ambazo nyingi zimepingwa na wataalamu wa saikolojia na nyingine haziwezi kuthibitishwa wala kukanushwa, na kurasa zile za watoto, naona kwamba kurasa za watoto zimestahimili zaidi. Mwaka 1936 daktari mmoja wa Uswisi, Rudolf Brun, bado alikihesabu kitabu cha 1897 kuwa maelezo kamili kuliko yote yaliyokuwa yameandikwa kuhusu ugonjwa huo.

Mengine yanajulikana. Aligunduliwa kuwa na saratani ya taya mwaka 1923, akapasuliwa zaidi ya mara 30 bila kuacha sigara. Vitabu vyake vilichomwa moto Berlin mwezi Mei 1933. Wanazi waliitwaa Austria mwezi Machi 1938, naye akaondoka Vienna mwezi Juni akaenda London. Dada zake wanne waliobaki nyuma waliangamia mikononi mwa Wanazi. Alikufa tarehe 23 Septemba 1939, vita vikiwa na majuma matatu tu.

Baada ya kifo chake Waingereza walizikusanya kazi zake katika juzuu 24, zilizotoka kati ya 1953 na 1974. Wahariri waliamua kuchukua maandishi ya saikolojia peke yake. Kitabu cha 1897 kilipata tafsiri ya Kiingereza kando, nchini Marekani, mwaka 1968, miaka 71 baada ya kuchapishwa. Maktaba ikiagiza kazi za Freud leo, zile juzuu 24 ndizo huletewa, na watoto wa Kassowitz hawamo.